Devil Is Fine ya Zeal & Ardor: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapompa mtu albamu hii asikilize, maswali yanayorudi ni yale yale, na mengine yanakuja kwa hasira. Nimeyaweka mahali pamoja ili nisiyajibu upya kila wiki. Mimi ni msikilizaji tu, tena mwenye upendeleo, kwa hiyo penye maoni yangu utapaona.

Zeal & Ardor ni bendi au ni mtu mmoja?

Kwenye albamu hii ni mtu mmoja, Manuel Gagneux. Alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1989, baba Mswisi na mama Mmarekani mweusi. Aliwahi kuishi New York, na kabla ya haya alikuwa na mradi mwingine uitwao Birdmask, pop laini ambayo ukiisikia huwezi kudhani imetoka kwa mtu huyu huyu. Magitaa, sauti, vinanda na ngoma za kompyuta vyote alivishughulikia mwenyewe. Hata zile sauti nyingi zinazoitikiana kama genge la watu shambani ni yeye, amejirekodi tena na tena na kujipanga tabaka juu ya tabaka.

Bendi unayoiona kwenye video za jukwaani ilikusanywa baadaye. Nitaifikia.

Wazo la kuchanganya bleki metali na nyimbo za watumwa lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye tusi. Gagneux alikuwa na mchezo wake: anaingia kwenye mtandao wa 4chan, anaomba watu wamtajie aina mbili za muziki, halafu anajipa nusu saa kuziunganisha ziwe wimbo mmoja. Siku moja mtu akaandika "bleki metali". Mwingine akaandika "muziki wa" kisha akamalizia kwa lile neno ambalo Marekani hutumika kuwatukana watu weusi.

Mwingine angefunga kompyuta akalale. Yeye wazo lilimganda. Akajiuliza ule muziki uliotukanwa ni upi hasa, akarudi nyuma hadi kwenye nyimbo za watumwa wa mashambani, na kutoka hapo akaanza kuona kwamba vitu viwili alivyotajiwa kwa kejeli vina jambo linalovifananisha.

Bleki metali ni muziki gani?

Ni tawi la metali, ule muziki mzito wa magitaa makali, na jina lake maana yake ni metali nyeusi. Gitaa huchapwa uzi haraka haraka bila kupumzika hadi noti zinayeyukiana zikawa mvumo mmoja. Ngoma inakimbia kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwimbaji analia kama mtu aliyekabwa koo. Mara nyingi rekodi huachwa chafu makusudi, kama imerekodiwa chumba cha pili mlango umefungwa.

Jina lilitokana na albamu ya Venom, bendi ya Uingereza, ya mwaka 1982. Bathory wa Sweden wakaongeza baridi. Lakini walioufanya muziki huu karibu uwe imani ni vijana wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990, akina Mayhem na Darkthrone. Baadhi ya watu wa kundi lile walivuka mpaka: kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketea Juni 1992, na mwaka uliofuata mpiga gitaa wa Mayhem akauawa na mwanamuziki mwenzake. Hakuna cha kusifia hapo. Ila unahitaji kujua hoja yao, maana ndiyo ufunguo wa albamu hii. Walidai kwamba Ukristo ulifika kwao kama miaka elfu iliyopita kwa upanga wa wafalme, na kwamba wao wanamlipia babu kisasi.

Nyimbo za watumwa zinaingiaje hapo?

Zinaingia kwa swali moja, na swali lenyewe ni la Gagneux. Watumwa wa Marekani nao waliwekewa dini mkononi na aliyewamiliki. Je, kama na wao wangegeuka kama vijana wale wa Norway, wakamwimbia adui wa Mungu wa bwana wao, nyimbo zao zingesikikaje?

Albamu nzima ni jaribio la kujibu hilo. Kwa umbo, nyimbo ni zile zile za kazi na za kiroho: mmoja anatoa, wengine wanapokea, na mkono au chombo kinapiga mahali ambapo jembe lingetua. Sisi hatuhitaji kufundishwa namna hiyo ya kuimba. Wachukuzi waliovuta mizigo kwa "harambee" waliijua, na kila kikosi kinachokimbia asubuhi barabarani kinaijua. Tofauti ni anayeitwa. Mahali ambapo ungengoja Yesu au Musa, anatajwa yule mwingine.

Kuna ndugu zetu wa pwani ambao hapa hukwama, na nawaelewa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa pale pale lilipokuwa. Kwenye kumbukumbu hiyo kanisa limesimama upande wa waliofungua minyororo. Kusini mwa Marekani mhubiri mara nyingi alikuwa mgeni wa bwana, akila mezani kwake, na andiko alilolipenda ni lile la watumwa kuwatii mabwana zao. Ukilisoma swali la Gagneux kwa macho ya Mkunazini, mtaa lilipo kanisa hilo, utaliona kufuru tupu. Lisome kwa macho ya shamba la pamba.

Lakini si watumwa walipigana wakiwa na imani yao?

Hili ndilo swali bora kuliko yote, na ndipo ninapogombana na albamu ninayoipenda.

Ndiyo, walipigana. Nat Turner, aliyeongoza uasi wa Virginia Agosti 1831, alikuwa mhubiri, na alisema maono yake yametoka kwa Mungu. Nyimbo za kiroho zenyewe zimejaa Farao, Musa na mto Yordani, na aliyekuwa anaimba alijua Farao ni nani na anaishi nyumba ipi. Kwa hiyo ukidhani aliyeshika imani alikuwa amekubali utumwa, umekosea, na swali la "je, kama wangeasi" linayumba kidogo, kana kwamba hawakuasi.

Kuna na jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Kitu kinachokaribia alichokiwaza Gagneux kimeshawahi kutokea. Agosti 1791, koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, watumwa walikutana usiku mahali paitwapo Bois Caïman. Simulizi iliyobaki inasema Boukman, kiongozi wao, aliwataka wautupe mfano wa mungu wa wazungu anayewaliza, wasikilize sauti ya uhuru iliyo mioyoni mwao. Siku chache baadaye mashamba ya miwa ya kaskazini yalikuwa yanawaka. Tarehe 1 Januari 1804 nchi ikawa huru ikiitwa Haiti. Pale hakuwepo shetani wa vitabu vya Ulaya. Ilikuwepo Vodou, mizimu waliyovuka nayo bahari kutoka Afrika.

Na hapo ndipo ninapoona pengo. Mtu aliyeikataa dini ya bwana hakulazimika kumkimbilia shetani wa bwana, maana huyo naye ni mali ya dini ile ile. Alikuwa na wake wa kwao. Albamu hii imechukua sauti ya watumwa na kuipa pepo la Kizungu. Kama wazo la muziki, linafanya kazi vizuri sana. Kama historia, Haiti ilishajibu miaka mia mbili kabla.

Zile sauti za mkwaruzo ni rekodi za zamani za kweli?

Wengi hudhani hivyo. Wimbo wa kwanza unaanza na sauti iliyochakaa, kama imetolewa kwenye santuri iliyokaa darini, na watu wakaamini ameazima rekodi za Alan Lomax. Huyo Lomax na baba yake John walizunguka magereza ya kusini mwa Marekani kuanzia mwaka 1933 wakirekodi wafungwa weusi wakiimba kazini, na rekodi zake za gereza la Parchman, Mississippi, za miaka ya 1940 ndizo zinazojulikana zaidi. Lakini sauti ile ni ya Gagneux mwenyewe, ameikwangua kwa kompyuta hadi ikazeeka.

Kuna wanaoona huo ni ujanja. Mimi naona afadhali. Kumtia maneno ya kishetani mfungwa aliyekwisha kufa, ambaye huenda alikuwa mlokole, ingekuwa dhuluma ya pili.

Mtu aliye kwenye jalada ni nani?

Robert Smalls. Tafuta jalada ulitazame kabla ya kuendelea: picha ya zamani ya mtu mweusi aliyevaa nadhifu, na juu yake imechorwa alama ya mistari inayokatana iitwayo muhuri wa Lusiferi.

Smalls alizaliwa mtumwa South Carolina mwaka 1839. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa akifanya kazi kwenye meli iitwayo Planter, meli ya jeshi la kusini, bandarini Charleston. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala nchi kavu, yeye na wenzake wakaing'oa nanga. Wakapita kuchukua wake na watoto wao. Smalls akavaa kofia ya majani ya nahodha, akasimama kwa namna nahodha alivyokuwa akisimama, na kila walipofikia ngome akapiga honi kwa ishara iliyotakiwa. Fort Sumter wakamruhusu. Alipotoka kwenye masafa ya mizinga akatweka shuka jeupe na kuikabidhi meli kwa kikosi cha kaskazini. Baada ya vita aliinunua nyumba ya bwana wake wa zamani, na baadaye akawa mbunge wa Marekani.

Nadhani jalada linasema zaidi kuliko nyimbo. Mtu yule hakuhitaji kupiga kelele. Aliazima kofia.

Sasa, ni muziki wa kuabudu shetani?

Shetani wa albamu hii ni mhusika, kama shetani wa ushairi au wa maigizo. Anasimama mahali pa yule anayekataa kuinama. Ukitafuta mafundisho ya ibada humo utatoka mikono mitupu. Kuna maneno ya kuita pepo kwenye "Children's Summon", lakini yamewekwa kwa ajili ya mlio wake.

Kwetu Wamakonde wamekuwa wakichonga vinyago vya mashetani tangu enzi za Samaki Likankoa, watalii wananunua, mabenki yanaviweka mapokezi, na sijasikia mtu akimwuliza mchongaji anaabudu nini. Hata hivyo, kama imani yako inakukataza kusikiliza jina hilo likiimbwa, usisikilize. Sitakubembeleza.

Mbona ni fupi hivyo?

Nyimbo 9, dakika kama 25. Na katika hizo 9, tatu ni vipande vya katikati visivyo na uimbaji wa kawaida, vyote vikiitwa "Sacrilegium" kwa namba. Cha kwanza ni midundo ya elektroniki ambayo ingefaa kilabu. Cha pili ni kengele ndogo ndogo, kama kile kisanduku cha muziki cha kumlaza mtoto. Cha tatu ni vinanda vinavyotanda polepole.

Wakosoaji wengi walivilaumu vipande hivi kwamba vinakata moto. Kuhusu cha kwanza nakubali. Cha pili nakitetea: baada ya kelele zilizotangulia, ile bembelezi inatisha kuliko gitaa lolote. Ila ukweli ubaki kuwa ukweli: hii ni albamu ya mtu aliyegundua kitu chumbani kwake na bado hajajua akifanyie nini. Inanuka rangi mbichi. Ngoma za kompyuta zinasikika kuwa za kompyuta, na wimbo mmoja mmoja unaisha pale ulipokuwa unaanza kukolea.

Nianze na wimbo upi?

Anza na wimbo wenye jina la albamu, na uvae spika za masikioni, kwa sababu spika ya simu inameza besi yote. Sikiliza dakika ya kwanza tu. Sauti moja, kisha nyingi, na kati ya sauti unasikia kitu cha chuma kikigonga kwa mpangilio. Ni mnyororo, na ndio unaopiga mdundo. Hakuna gitaa bado. Linapoingia haliipiku sauti, linapita nyuma yake kama upepo nyuma ya nyumba.

Kisha "Come On Down", ambapo kuitikiana na ngoma ya mbio vinagongana waziwazi. Kama hivyo viwili havikukugusa, achana nayo, hutakosa kitu. Kama vimekugusa, "Blood in the River" ndio unaobaki kichwani wiki nzima.

"In Ashes" usiupige watoto wakiwepo. Kiitikio chake ni cha kumchoma kijana moto, na kinaimbika kirahisi mno.

Ndiyo albamu yake ya kwanza kweli?

Kwa hesabu ya wengi, ndiyo. Mwaka 2014 aliweka mtandaoni mkusanyiko wenye jina la mradi, lakini ulikuwa majaribio, na yeye mwenyewe hauringii. *Devil Is Fine* aliitoa mwenyewe kwenye Bandcamp, mtandao ambako wanamuziki huuza kazi zao wenyewe, mwaka 2016. Waandishi wa muziki wakaiona, habari ikasambaa haraka kuliko alivyotazamia, na Februari 2017 lebo ya MVKA ikaitoa upya.

Mtu mmoja anaipigaje jukwaani?

Haiwezekani, na hakuwa amepanga. Mialiko ilianza kuja kabla hajawa na bendi. Ikabidi atafute wenzake Uswisi: mpiga gitaa, mpiga besi, mpiga ngoma, na waimbaji wawili wa kusimama naye mbele. Hao wawili ndio uamuzi wa busara kuliko wote. Kuitikiana kunataka watu, na sauti iliyokuwa imenakiliwa kwenye kompyuta ikapata vifua vya kweli. Mwaka 2017 walipanda jukwaa la Roadburn, Tilburg, Uholanzi, tamasha ambalo mashabiki wa muziki mzito hulichukulia kama hija.

Baada ya hapo?

*Stranger Fruit* mwaka 2018 ni ndefu na imepikwa vizuri zaidi; kama una nafasi ya albamu moja tu, chukua hiyo. *Wake of a Nation* ya 2020 ni nyimbo chache zilizotoka mwaka wa maandamano ya George Floyd. Kisha albamu yenye jina la bendi, 2022, na *GREIF*, 2024, ambayo kwa mara ya kwanza ilirekodiwa na bendi nzima.

Afrika Mashariki kuna mtu anayefanya mambo kama haya?

Yupo, na kwa maoni yangu amekwenda mbali zaidi. Nairobi ilikuwa na kundi la watu wawili, Duma. Usidanganywe na Kiswahili ukamfikiria mnyama. Jina wao walilitoa kwenye Kikuyu, wakimaanisha giza. Albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala (ndiyo, na jina hilo usilicheke, wenyewe wanalieleza kwa Kiganda kuwa ni hamu ya ghafla ya kucheza). Mwimbaji wao, Lord Spikeheart, alitoa albamu yake ya kwanza peke yake, *The Adept*, mwaka 2024 kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu. Humo metali inakutana na hiphop na kelele za mashine, na miongoni mwa wageni yumo Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada.

Lakini sababu ya kumtaja hapa ni nyingine. Albamu ile ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, anayemtaja kuwa bibi yake mkuu: mwanamke aliyekaa msituni na Mau Mau hadi uhuru wa Kenya, akafikia cheo cha Field Marshal, na nywele zake za msituni akazitunza hadi mwaka 2022 zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta. Alifariki mwaka uliofuata. Gagneux alilazimika kuuliza "je, kama". Spikeheart anamjua kwa jina yule aliyeasi, na ni wa ukoo wake.

Kama sijui Kiingereza, napoteza nini?

Nusu, na huenda ni ile nusu inayokuudhi. Siku moja niliipiga nyumbani nikiosha vyombo. Mama yangu, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, alikuwa kibarazani anachambua mchele. Wimbo wa kwanza ukapita wote akitikisa kichwa taratibu, mkono unazunguka kwenye ungo kwa mdundo ule ule wa mnyororo.

"Kwaya ya wapi hii?" akauliza.

Nikamwambia ni kijana mmoja tu, wa Uswisi.

"Mmoja? Ana huzuni nyingi kwa mtu mmoja."

Ukaingia wa pili, na magitaa yake yote. Akasimamisha ungo, akangoja kidogo kuona kama kitapita, kisha akaniita kwa jina langu lote la ubatizo, niende nikapunguze.